Kadi Mbili Bila Alama

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa hili: yule sokwe aligeuka nyuma kumtazama nani?

Video yenyewe ni fupi, ukipiga miayo miwili imekwisha. Sokwe dume, kijana ambaye mabega bado hayajajaa, anapita mbele ya kamera iliyofungwa kwenye mti. Mgongoni hana kitu. Anasimama, anageuza kichwa, anatazama alikotoka. Kisha anaondoka, na majani yanabaki yakitikisika.

Nilisomea wanyama chuo kikuu, na watu hudhani ninashinda msituni. Kumbe ninashinda mjini, ghorofa ya tatu mtaa wa Bugolobi, katika nyumba iliyogeuzwa ofisi, nikitazama video zinazoletwa kutoka misitu ya magharibi mwa nchi na kujaza jedwali: nani amepita, yuko na nani, anafanya nini. Juu ya paa la jirani kongoti, wale ndege wakubwa wenye vipara, husimama kutwa nzima, kama watu waliokuja msibani wakakosa pa kukaa.

Kijana yule nilimjua kwa sikio lake lililochanika. Mama yake alionekana mara ya mwisho akiwa mgonjwa, hajiwezi. Aliacha wawili: yeye, na mdogo wake wa kike ambaye alikuwa bado ananyonya. Sokwe mchanga akifiwa na mama mara nyingi hafiki mbali, ila pengine kaka au dada humchukua. Huyu alimchukua. Katika video nyingine anaonekana amembeba, tena vibaya: mtoto ananing'inia ubavuni, mguu mmoja unaburura kwenye majani, na kaka anasimama kila hatua chache kumsukuma arudi mgongoni.

Video hizo mbili zilikuwa kwenye kadi mbili za kamera ileile, ndani ya bahasha moja, bila alama yoyote. Kamera ikiwekewa betri mpya, saa yake hurudi kwenye tarehe ya kiwandani mpaka mtu airekebishe. Mara zote mbili hakuna aliyeirekebisha. Kwa hiyo kadi zote zilidai kuwa za siku moja, siku ambayo sote tulijua si ya kweli. Kama kadi ya mgongo mtupu ilikuwa ya mwisho, basi mtoto amekufa. Kama ilikuwa ya kwanza, basi kaka alikuwa amegeuka kumngoja mdogo wake anayejikongoja nyuma, na baadaye akaamua kumbeba.

Mtu mwingine angeandika "haijulikani" akaenda kunywa chai. Lakini mimi nyumbani Kisugu nilikuwa na mdogo wangu wa kike, wa miaka mitano, na mama yetu alikuwa ametimiza siku arobaini kaburini.

Baada ya khitma ya arobaini wazee wa familia walikaa, wakakubaliana kwamba mtoto aende Bombo kwa mjomba. Waliniuliza maoni yangu. Nikasema nitafikiri, na kwetu anayesema hivyo amekubali. Mjomba si mtu mbaya. Kwake kuna uwanja, kuna mke mpole, kuna watoto wa kucheza nao. Nilipogusia kwamba pengine abaki na mimi, alicheka bila ubaya.

"Mwanangu, wewe umesomea nyani, hujasomea watoto. Nywele atamsuka nani, kompyuta?"

Kweli, kichwani mwa mdogo wangu zilikuwa bado nywele alizosukwa na mama, siku chache kabla mama hajalazwa. Zilikuwa zimeshatimka, mistari haionekani tena. Majirani walinikumbusha zifumuliwe. Kila mara nilisema kesho.

Basi nikaanza kuamini, bila kumwambia mtu, kwamba jibu limo ndani ya kadi zile. Mtoto wa sokwe akiwa hai, wangu atabaki. Akiwa amekufa, nitamfungia begi. Nilijua ni upuuzi hata wakati huo. Bado nililinganisha matope kwa matope, nikatafuta jani moja lililotobolewa na wadudu ili nione ni katika video ipi lina matundu mengi zaidi, maana hiyo ndiyo ya baadaye, hadi macho yakaanza kuona kitoto katika kila kivuli.

Alhamisi nilimpigia simu mzee anayebadilisha kadi kule msituni. Kiswahili alikipata jeshini, na hukisema kama anayetoa amri. Nilimuuliza kadi ipi ilitoka kwanza.

"Zote zilitoka mfukoni."

"Na tarehe, mzee? Hukuiweka?"

"Tarehe ya nini, mwalimu? Sokwe hana kalenda. Na mvua ilikuwa inanipiga."

Nilimuuliza kama amemwona yule mdogo. Alisema kundi limehamia ng'ambo ya mto tangu mvua zianze, hajawaona wakubwa wala wadogo. Nikauliza tena, kwa maneno mengine. Nikauliza mara ya tatu. Safari hii akauliza yeye.

"Kwani ni mtoto wako?"

Ijumaa niliandika "haijulikani", nikarudi nyumbani nikafunga begi.

Jumamosi asubuhi mjomba alifika, akapewa chai. Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini amevaa viatu tayari. Tangu msiba tulikuwa tukilala na taa inawaka. Nilikuwa nimemwambia ni kwa ajili yake.

"Kaka," akasema, "mimi nikienda, nani atakuwashia taa?"

Mjomba alikuwa ameshanyanyua begi. Nikalishika mkanda. Tukasimama hivyo, wanaume wawili na kibegi cha mtumba cha soko la Owino chenye picha ya kipepeo.

"Mjomba, hatakwenda."

Akaniuliza kama nimefikiri. Nikamwambia nimefikiri mpaka basi, na sijui kama nitaweza.

"Na ukishindwa?"

"Nitakuja Bombo nikuambie mwenyewe."

Akaliachia begi, akaomba chai nyingine.

Alipoondoka nililirudisha begi ndani. Nilichukua kitana na mafuta ya mama, nikamkalisha mdogo wangu mkekani, kati ya magoti yangu. Nilianza kufumua kutoka kisogoni, mahali ambapo nikikosea hapaonekani.