Ukurasa wa Makere

Mume wangu, Mwalimu Venanti, hakukisaliti chama kwa kuahidiwa cheo. Wanaolisema hilo sokoni Kasulu, na siku hizi mpaka Kibondo, hawakuwepo sebuleni kwangu Jumatano ile. Mimi nilikuwepo.

Alifundisha uraia miaka thelathini na mmoja. Waliosoma kwake watakumbuka alivyopenda kusimulia habari za Japani: wabunge wanakihama chama kikubwa, wanaunda chao, kinakufa kabla bendera haijapauka, na kesho yake wanasalimiana. Kwa hiyo madiwani sita walipojitenga na chama chao hapa na kuanzisha kingine, wakaja kumwomba yeye, mstaafu mwenye mwandiko mzuri, awe katibu wa mkoa, alikubali. Nilimwonya. Alicheka.

Usajili wa muda ulikuwa wa siku mia moja na themanini. Kabla hazijaisha, mkoa ulitakiwa kuonyesha wanachama mia mbili, na wahakiki wangewaita baadhi yao kwa majina. Sisi tulifikisha mia mbili na watatu zikiwa zimebaki siku mbili.

Asubuhi ya Jumatano hiyo akaja mama mmoja wa Kirundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyezoea kutulimia maharage shambani kwetu Makere. Alikuwa ametoka kambini bila kibali. Alisema siku ya kuvuna mtu wa chama alipita shambani na daftari na kidau cha wino. Kambini hupati sabuni wala unga bila kuweka dole gumba kwenye orodha. Orodha ikija, unapanga foleni. Wakapanga foleni, yeye na wenzake kumi. Walidhani ni orodha ya kugawiwa mbegu.

Wakimbizi kumi na mmoja kwenye daftari la chama cha siasa. Venanti alikaa chini. Alijua mkimbizi haruhusiwi siasa, na kwamba wangeweza kurudishwa kule walikokimbia.

Saa nane mchana Haidari, mwenyekiti wetu, alifika na wenzake wawili. Gari liliachwa likiunguruma nje, tayari kulipeleka daftari kwa msajili Dodoma. Venanti akawaeleza yote, akataka majina yale yaondolewe na watafutwe wengine.

"Kwa siku mbili, Mwalimu?" Haidari akauliza. "Waha na Warundi majina ni yale yale. Nani atajua?"

"Wataulizwa kadi ya mpigakura."

"Basi wasifike. Mtu asiyefika hakamatwi."

"Jina lake litakuwa limefika."

Haidari akanigeukia mimi. "Shemeji, mwambie mumeo. Watu wamehama kwao kwa ajili ya chama hiki. Au keshaahidiwa kiti huko tulikotoka?"

Hapo ndipo neno hilo lilipotamkwa mara ya kwanza, na lilitamkwa kwa hasira tu. Mmoja wa wenzake akasimama kuuziba mlango wa mbele. Venanti alilifungua daftari. Alichukua wembe wangu wa kufumulia mishono, akaukata ukurasa wa Makere taratibu, pamoja na majina ya wenye haki waliokuwa humo, akapita katikati yao hadi jikoni na kuutia kwenye moto wa maharage. Kisha akarudi, akampa Haidari daftari kwa mikono miwili.

Chama kilikufa. Haidari na wenzake wakarudi walikotoka, wakapokewa kwa ngoma, na ilibidi apatikane wa kulaumiwa. Venanti aliishi miaka miwili zaidi, akiwasalimia wote, wengi hawakuitika. Alipofariki, Haidari hakuja msibani.

Mwezi uliopita alinitumia mjumbe. Nikiyataja majina ya wale kumi na mmoja, yawe ushahidi, yeye atasimama mbele ya watu na kukiri kwamba Mwalimu alisema kweli. Watoto wangu wananisihi nikubali, kwa kuwa jina la baba yao ni lao pia. Lakini watu wale bado wapo kambini, na majina yao nayakumbuka yote, kwa mpangilio yalivyoandikwa.

Sitayataja. Wala nisiulizwe tena.