Kaskazini ya Mzee Gaudiosus

Mzee Gaudiosus Rwegoshora wa Kamuli alikuwa na ugomvi na Kanda ya Kaskazini, ingawa Kanda ya Kaskazini yenyewe haikuwa na habari naye.

Ugomvi ulianzia Moshi, miaka mingi nyuma, chama cha msingi kilipomtuma kwenye semina ya kahawa. Ukumbini wajumbe waliitwa kwa kanda. Msimamizi aliposema, "Wajumbe wa Kaskazini wasimame," wakasimama watu wa Kilimanjaro, Arusha na Manyara, na katikati yao akasimama Gaudiosus ndani ya koti la kuazima. Akaambiwa kwa upole aketi, maana yeye ni wa Kagera, na Kagera ni Kanda ya Ziwa.

Hakuketi. "Ziwa gani?" akauliza. "Hilo ziwa nimeliona mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini, tena kupitia dirisha la basi. Kwetu ukifika Murongo ukavuka daraja, uko Uganda. Hakuna Tanzania nyingine mbele yetu. Ninyi kwenye ramani mko chini yetu kabisa, halafu mnajiita Kaskazini!"

Ukumbi mzima ulicheka, na mtu mmoja akampigia makofi kama anavyopigiwa mlevi. Kinachouma ni kwamba alikuwa sahihi. Kaitazame ramani. Lakini ukumbi ukishakucheka, ramani haikusaidii kitu, na Gaudiosus alirudi Kamuli akiwa amevimba. Tangu siku hiyo hakuna msiba wala ubatizo uliopita bila yeye kuwaeleza watu jinsi Wachaga walivyowaibia kaskazini yao. Mkewe, Beata, alikuwa akiisikia hadithi inaanza anakwenda kuangalia ndizi jikoni, hata siku ambazo jikoni hakukuwa na ndizi.

Sasa, mtu huyuhuyu ndiye aliyekuwa mwandishi wa hati wa kitongoji. Huku kwetu mtu akiuza kipande cha kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, huandikiwa karatasi. Ni karatasi ya daftari la shule, ina majina ya muuzaji na mnunuzi, mashahidi, dole gumba la asiyejua kuandika, na katikati pande nne: Kaskazini anapakana na fulani, Kusini na fulani, Mashariki, Magharibi. Bila pande nne hati haina heshima. Gaudiosus aliziandika kwa miaka zaidi ya thelathini, kwa mwandiko wa kulala ambao hata katekista aliuonea wivu. Ujira wake ulikuwa kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, na hakuwahi kukiacha kibuyu kikiwa na kitu ndani.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kaskazini yenyewe hakujua iko wapi.

Tusimlaumu haraka. Alisoma shule ya msingi Murongo, ambako Mwalimu Deodatha alitundika ramani ukutani, akaigonga kwa fimbo na kusema, "Kaskazini ni juu, kusini ni chini." Baada ya hapo alizigonga ngumi za waliosahau. Gaudiosus hakusahau. Alipokua akaanza kuandika hati, alikuwa anasimama katikati ya kibanja, anatazama juu, kileleni kule kwenye mawe na nyasi za kuchungia, anaandika: Kaskazini. Kisha anageukia bonde, anaandika: Kusini. Mkono wa kuume Mashariki, wa kushoto Magharibi, kazi imekwisha, leteni kibuyu.

Mtu atauliza, na jua je? Jua lilimsumbua kidogo mwanzoni, maana lilichomoza upande ambao yeye aliuita Magharibi. Lakini asubuhi za huku zina ukungu mpaka saa nne, na jua lenyewe halikai mahali pamoja mwaka mzima. Ramani ilitoka serikalini. Kati ya jua na serikali, Gaudiosus alichagua serikali. Tena kule Moshi walimwonyesha Mlima Kilimanjaro wakamwambia uko kaskazini ya mji, naye akainua macho, akaona mwenyewe: juu. Alirudi na uhakika usiotikisika.

Na ile kaskazini ya Murongo na Uganda, ambayo alikuwa tayari kuipigania kwa ngumi? Hiyo aliiweka kichwani kwenye chumba kingine. Kaskazini ya nchi ilikuwa Murongo, na kaskazini ya shamba ilikuwa mlimani. Hazikuwahi kukutana, na hakuna aliyezitambulisha.

Kasoro hii haikumdhuru mtu yeyote kwa miaka yote hiyo. Muuzaji, mnunuzi na mashahidi walikuwepo shambani, walimwona akitazama juu, wakajua anachomaanisha. Walipokufa, ikaja kuwadhuru waliobaki.

Mwaka jana wapimaji wakafika kupima kila shamba ili watu wapewe hati za kimila, zile za serikali zenye muhuri na ramani. Aliyewaongoza alikuwa mtu mzima mwenye adabu aitwaye Winston, mzaliwa wa Kilimanjaro. Gaudiosus aliposikia asili yake alikataa kumpa mkono siku mbili.

Siku ya tatu Winston alifika kwenye kibanja cha Kokubanza. Huyu ni mjane wa Privatus, mwanajeshi mstaafu aliyefariki miaka minane iliyopita. Privatus ndiye aliyekinunua, kutoka kwa marehemu Mwesiga. Kibanja cha Mwesiga kilikuwa kirefu, kimepanda na mteremko, kimezungukwa kila upande na shamba la mtu mmoja, Benjamin. Mwesiga alikikata katikati kwa mstari wa milamula, ile miti yetu ya mipaka, akauza nusu ya chini na kubaki na nusu ya juu. Nusu ya chini ina udongo mweusi, migomba ya kukumbatia kwa mikono miwili na kahawa iliyomlipia Kokubanza karo za watoto wanne. Nusu ya juu ina mawe.

Hati, kwa mwandiko wa kulala, ilisema: "Nimemuuzia Privatus nusu ya KUSINI ya kibanja changu. Kaskazini anapakana nami mwenyewe. Kusini, Mashariki na Magharibi anapakana na Benjamin."

Winston aliisoma, akatazama mashine yake, akakuna kidevu. "Mama," alisema, "kwa hati hii nusu yako ni ile ya juu. Kusini ni kule kwenye mawe."

Hakusema kwa ubaya. Lakini pembeni alisimama Elipidius, mwana wa Mwesiga, mfanyabiashara wa Bukoba aliyekuja kusimamia kupimwa kwa mawe ya baba yake. Uso wake ulifunguka. Kufika jioni alikuwa ameshakumbuka, kwa uchungu mkubwa, kwamba baba yake alimwazima tu Privatus ile nusu ya chini, kwa huruma, na kwamba familia sasa inaomba kilicho chake. Mwesiga amekufa, Privatus amekufa, na Benjamin, aliyekuwa shahidi, amekufa. Milamula ilionyesha mpaka ulipo, lakini nani yuko upande gani haikusema. Shahidi aliyebaki hai alikuwa mwandishi.

Usiku huo Gaudiosus hakula. Mchana alikuwa amemfuata Winston kwa siri na kumwomba amwonyeshe kwenye mashine, na mashine ikamwonyesha. Akaomba waigeuze. Winston akaigeuza, na mshale wa kaskazini ukarudi palepale, kuelekea bondeni.

"Nikisema kwamba Kokubanza alinunua chini," alimwambia Beata, "wataniuliza mbona nimeandika kusini."

"Waambie ulikosea," Beata akajibu.

"Hati zote?"

"Kwani ulikosea ngapi?"

Mzee alifikiri. "Zote," akasema.

Beata alicheka mpaka akashika mlango. Gaudiosus alikasirika, akaenda kulala, asilale.

Baraza la ardhi la kijiji lilikaa Alhamisi, na watu walijaa kuliko siku ya kugawa mbegu. Mwenyekiti, Mama Mackrine, alimwita Elipidius kwanza. Elipidius hakuwa mjinga. Badala ya kumshambulia mwandishi, alimsifu.

"Shikamoo, mzee wangu," alianza, akimwinamia Gaudiosus. "Ndugu wajumbe, hati hii haikuandikwa na mtu wa kubahatisha. Iliandikwa na mzee ambaye sote hapa tunajua alivyosimama Moshi mbele ya wasomi akawafundisha kaskazini iko wapi. Nani hajaisikia habari hiyo?"

Kicheko kikapita ukumbini. Hakuna ambaye hakuwa ameisikia.

"Sasa mtu huyo akiandika kusini," Elipidius akaendelea, "mimi nani nimpinge? Mimi naiamini kalamu yake. Najua hata yeye mwenyewe anaiamini."

Akaketi. Kokubanza, aliyeketi mbele na kitenge chake cha kanisani, alitazama sakafu. Alipoulizwa ana la kusema, alijibu tu, "Tulinunua chini, waitu, ndugu zangu. Mwandishi yupo, aulizwe."

Gaudiosus alisimama. Hapo ndipo alipoona alivyofungwa kamba, tena kamba aliyoisokota mwenyewe kwa miaka yote ile ya misiba na ubatizo. Akibaki kuwa bingwa wa kaskazini, mwanamke huyu atahamia kwenye mawe. Na ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Angesema tu, "Nilichoandika nimeandika," na kila mtu angeondoka akimheshimu. Kwa kweli alilifikiria. Nisimfanye mtakatifu. Alilifikiria kwa muda wa kukohoa mara tatu, na baraza zima lilizihesabu.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "Privatus alinunua nusu ya chini. Mimi nilikuwepo. Mwesiga alikuwa na akili timamu, mimi na Benjamin tulikunywa."

"Hati inasema kusini," Elipidius akaruka.

"Hati inasema kusini kwa sababu mimi kaskazini siijui."

Winston, aliyekuwa ameketi nyuma, akainua kichwa.

"Siijui," Gaudiosus akarudia, na alikuwa anaumia hasa. "Nilidhani ni juu. Hati zote nilizoandika, kaskazini ni mlimani. Chukueni yoyote, mkaitazame na huyu mpimaji. Yako pia, Mama Mwenyekiti, ina kasoro."

Walizichukua. Watu walikimbia majumbani wakarudi na karatasi zilizofichwa kwenye masanduku na kwenye Biblia. Winston akazipitia kumi na tisa, moja baada ya nyingine, shamba kwa shamba, na katika zote kumi na tisa kaskazini ilikuwa mlimani. Mwandishi aliyekosea mara moja ni mzembe, lakini aliyekosea mara zote, kwa namna ileile, unaweza kumsoma vizuri tu. Baraza likasema kusini ya mzee Gaudiosus ni chini, kibanja ni cha Kokubanza, na Elipidius arudi kwenye mawe ya baba yake. Kisha likacheka. Lilicheka kwa muda mrefu, Mama Mackrine akipiga meza kuomba utulivu huku naye akifuta machozi, na Gaudiosus akasimama pale akavipokea vicheko vyote, kama kule Moshi, ila safari hii hakuwa na ramani ya kujitetea.

Watu walipotawanyika alikwenda kukaa ukingoni mwa kibanja cha Kokubanza, asionekane. Kokubanza alimwona hata hivyo, akaja na bakuli la senene wa kukaanga, wale panzi wetu, akaliweka kati yao.

"Asante, Baba Sperancia," alisema, akimwita kwa jina la bintiye mkubwa.

"Unanishukuru nini? Mimi ndiye niliyetaka kukupotezea kibanja."

Kokubanza alitafuna senene wake taratibu. "Privatus alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Kwamba umeandika kinyume. Alikuwa mwanajeshi, mambo ya dira alifundishwa. Siku ileile mlipotoka hapa aliniambia, huyu mzee ameigeuza dunia. Nikamwambia arudi akurekebishe. Akasema hapana, anaandika kwa raha mno, mwache, sisi tunajua kibanja kilipo."

Gaudiosus alishika senene mkononi asimle. "Na leo? Mbona hukusema leo barazani?"

"Nani angenisikia? Mjane anamwita mwandishi wa kijiji mjinga ili apewe shamba. Lilikuwa neno la kutoka kinywani mwako tu." Akamsogezea bakuli. "Nilipokuona unakohoa, niliogopa sana."

Macho ya mzee yalikuwa yamelowa, na hakujisumbua kusingizia moshi wala pilipili.

Winston alipita njiani na mashine yake begani, akielekea kwenye gari. Gaudiosus akamwita. "Wewe mtu wa Kilimanjaro. Mashine yako inasema kwenu na kwetu, nani yuko kaskazini zaidi?"

Winston alitabasamu. "Ninyi, mzee. Kwa mbali sana."

Siku nyingine yoyote Gaudiosus angepiga yowe la ushindi likasikika Murongo. Alitikisa kichwa tu. "Basi nionyeshe," akasema. "Kwa kidole."

Winston akanyoosha kidole. Mzee akasimama, akajishika kiuno, akageuka taratibu mpaka mlima ukawa nyuma yake kabisa. Mbele aliona migomba ya Kokubanza ikishuka bondeni, ng'ambo ya bonde vilima, na nyuma ya vilima rangi ya buluu ya Uganda. Kaskazini hiyo alikuwa ameipa mgongo kila mara aliposhika kalamu.

"Kumbe ni pazuri," alisema, akarudi kuketi, akamla yule senene.