Mwalimu Aliyepasua Bomba

Mwezi wa pili mwaka 1954 mvua ilikuwa kubwa Masasi, na Mwalimu Nikolao alikuwa akifundisha darasa la nne katika shule ya misheni nje kidogo ya mji. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na nne. Kazi hiyo aliianza akiwa na ishirini na miwili, alipotoka shule ya Chidya, na hakuwahi kufanya nyingine.

Somo la siku hiyo lilikuwa mmomonyoko wa udongo. Aliandika maana yake ubaoni, akaisoma, watoto wakaitika. Wakarudia mpaka wakaisema kwa sauti moja bila kukosea hata neno. Alipogeuka kupangusa ubao, macho yake yakaangukia dirishani. Maji yalikuwa yamekata matuta ya bustani ya shule, mihogo imelala mizizi juu, na udongo wote unakwenda zake barabarani.

"Nani ameona kinachotokea huko nje?" aliuliza.

Watoto wakatazama. Mmoja akanyoosha mkono. "Mvua, Mwalimu."

Hakumwadhibu. Angemwadhibu kwa lipi, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama karibu na dirisha lile nusu saa nzima, akiimbisha, asione kitu?

Tangu siku hiyo roho yake haikutulia. Alianza kuwauliza watoto maana ya mambo waliyokuwa wakiyajua kwa moyo, akakuta wengi wana maneno matupu. Akawakumbuka wale wa zamani. Miaka ishirini na miwili, darasa baada ya darasa. Wangapi walitoka na maneno tu? Nyumbani alikaa, akainuka, akatoka uani, akarudi. Mkewe, Scholastika, alimvumilia wiki kadhaa, kisha akamwambia, "Baba Julia, unazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga basi, tujue."

Alikwenda kwa Padre Danieli, msimamizi wa shule, akaomba kuacha kazi.

"Umechoka," Padre alisema. "Chukua likizo."

"Sijachoka, Padre. Ningechoka ningelala."

"Utafanya kazi gani kwa umri wako?"

Nikolao alikuwa amesikia kwamba huko Newala wanatafuta watu wa mradi wa maji. Uwandani kule juu hakuna chemchemi. Tangu enzi za mababu wanawake walikuwa wakishuka genge mpaka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Sasa mitambo ilikuwa imefungwa bondeni kusukuma maji yapande kwa bomba mpaka mjini. "Nataka kujifunza kitu ambacho nikikosea kitanionyesha," alisema. Padre akamtazama kama mgonjwa anayeweweseka kwa homa.

Wakahamia Newala. Scholastika alilia kuacha shamba lake la mikorosho, akafunga mizigo hivyo hivyo akilia. Binti yao Julia alikuwa amekwisha kuolewa Nanganga, kwa hiyo walikwenda wawili tu.

Fundi wa mitambo aliitwa Bwanali. Alikuwa Mmakonde wa miaka thelathini na moja, mfupi, mwenye vidole vilivyojaa makovu. Alijifunzia injini Nachingwea wakati wa mashamba ya karanga ya Wazungu, na hakujua kusoma hata jina lake. Nikolao alikuwa Mmakua wa Masasi na Kimakonde chake kilikuwa cha kubahatisha, basi Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Asubuhi ya kwanza Bwanali alivua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi."

"Haya, shika spana hiyo. Siyo hivyo. Siyo hivyo pia."

Ikawa hivyo kila siku: mwanafunzi anaamkiwa shikamoo, kisha anakaripiwa mpaka jioni.

Nikolao alikuja na daftari. Kila alichofanya Bwanali alikiandika na kukipa namba: kwanza angalia mafuta, pili angalia maji ya kupoza, mpaka namba kumi na moja. Bwanali alipoweka ncha ya bisibisi juu ya beringi na kuegemeza sikio lake kwenye mpini, Nikolao aliuliza, "Unasikia nini?"

"Nasikia iko sawa."

"Ikiwa sawa inasemaje?"

Bwanali akafikiri sana. "Inasema iko sawa, Mwalimu. Sikiliza mwenyewe."

Nikolao alisikiliza, akasikia kelele. Akaandika: *kelele*. Siku hiyo alirudi nyumbani amenuna, akamwambia mkewe kwamba yule bwana anajua kazi lakini hajui kufundisha.

Baada ya miezi mitatu alikuwa ameikariri orodha yake yote. Ijumaa moja Bwanali alikwenda msikitini, akamwachia mtambo uliokuwa umezimwa ili upoe. Muda ulipofika, Nikolao alianza kuwasha, akitaja namba kwa sauti kama alivyozoea darasani. Alipofika namba ya saba alitamka waziwazi, "Fungua vali ya bomba la kupanda." Mdomo ulisema, mikono ilikuwa bado na kopo la mafuta. Akaendelea na ya nane.

Injini ilishika. Pampu ikaanza kusukuma maji yasiyokuwa na pa kwenda. Alisikia mlio wa kukaza, mwembamba, unaopanda, na kabla hajajua ni wa nini, kiungo cha bomba kikapasuka na maji yakamtupa ukutani.

Kipuri kilifika kutoka Mtwara siku ya tano. Kwa siku hizo tano mji mzima wa Newala haukuwa na maji, na wanawake walirudia njia ya genge. Scholastika alikwenda nao. Hakuwa ameizoea njia ile; alirudi mchana, nusu ya maji yamemwagika. Hakumlaumu. Alisema tu, "Leo mama mmoja, Sikudhani, aliuliza ni mpumbavu gani aliyeharibu bomba. Sikumtajia."

Kesho yake Nikolao alitafuta mzega na madebe mawili, akashuka genge pamoja na wanawake. Walimcheka mpaka wakachoka. Alipofika juu mabega yalikuwa yamechubuka, na alipoonyeshwa huyo Sikudhani amepumzika kando ya njia, akaenda mbele yake.

"Mama, yule mpumbavu ni mimi."

Mama yule akamkagua kuanzia miguuni. "Basi angalau una mabega," alisema, akajitwika mtungi akaondoka.

Mhandisi Mzungu alikuja na kipuri, akataka kumfukuza. Bwanali alisimama kati yao, kofia mkononi.

"Bwana, huyu amekwisha pasua bomba. Hatalipasua tena. Ukileta mwingine, naye itabidi apasue la kwake."

Mhandisi alikasirika, kisha akacheka bila kupenda. Nikolao akabaki.

Daftari aliliacha nyumbani. Bwanali alimfumba macho kwa kitambaa, akamwekea kiganja juu ya bomba, akauliza, "Mkono unasemaje?" Wiki nyingi mkono haukusema lolote. Halafu siku moja, katikati ya kazi, Nikolao alizima mtambo bila kuambiwa. Hakuweza kueleza kwa nini. Walipofungua, beringi ilikuwa imeanza kulika. Bwanali hakumsifu, alimpa sigara, na Nikolao, asiyevuta, akaivuta yote.

Mwaka uliofuata Bwanali alimwomba kitu kwa aibu: afundishwe kusoma. Nikolao alianza na a, e, i, o, u, kama alivyofanya maisha yake yote, na fundi akasinzia. Basi wakaanzia kwenye mapipa ya mafuta, kwenye vibao vya injini, kwenye namba za spana. Baada ya miezi minne Bwanali alikuwa akisoma kila kilichoandikwa pale bondeni, kisha akaenda mjini kusoma mabango ya maduka, kwa sauti, watu wakimgeukia.

Habari za fundi aliyefundishwa kusoma zilimfikia Padre Danieli. Alipanda lori mpaka Newala, akamkuta Nikolao amelala chini ya injini.

"Shule inahitaji mwalimu mkuu. Rudi."

Nikolao alitoka, akakaa juu ya pipa. "Nikirudi, nitaruhusiwa kuwatoa watoto darasani siku mbili kwa wiki? Shambani, kwa wafinyanzi, hapa?"

"Mkaguzi atakataa. Unajua."

"Najua."

"Na hapa umeridhika?"

"Hapana, Padre. Nikisikia watoto wanaimba huko juu, mkono unatafuta chaki."

Padre aliondoka peke yake. Nikolao hakufanya kazi vizuri wiki ile. Mara mbili Bwanali alimwondoa penye mtambo akampeleka kupiga rangi.

Mwaka 1958 mradi ulifungua kituo kingine upande wa Tandahimba, na mhandisi akataka mtu wa kuwafunza vijana wanane. Bwanali alitaja jina moja tu. Scholastika alipoambiwa kuwa watahama tena, aliketi chini penye matuta yake mapya ya mbaazi.

"Nisubiri nivune," alisema.

Nikolao akasubiri, akipiga hatua uani. Walipovuna, waliondoka.