Methali ya Baba Niliyoieleza Mazishini

Tulipomzika Baba huku Rangwe, niliombwa niwatafsirie wageni wa Migori wasiojua Kijaluo methali yake ya lugha hiyo. Niliishia darasa la saba, lakini nilisimama: "Mjini utapata kitanda, usingizi uko kijijini." Wakapiga makofi. Sifa zikanilevya, nikaongeza kwamba ni maneno ya mababu zetu, mtu wa mjini hawezi kuyatunga.

Shemeji yangu, muuza magodoro Migori, akainua mkono taratibu.

"Samahani, shemeji. Mzee aliniuliza kwa nini nauza magodoro na bado silali. Nikamjibu hivyo, kwa Kiswahili. Yeye ndiye aliyeyageuza Kijaluo."

Nikamtazama Mama anitetee. Hakuwa amecheka tangu msiba uingie, na sasa mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Kaa chini, mwanangu," akasema akifuta machozi. "Nilikuwepo."