Viola Yangu na Vinanda vya Shemeji

Shemeji yangu alipatwa na kiharusi akiwa ananyoa ndevu uani kwake, Quitunda, asubuhi ya Ijumaa. Dada yangu alisikia kioo kikianguka, akatoka, akamkuta amekaa chini na povu upande mmoja wa uso, anataka kumwambia jambo na maneno hayatoki. Baada ya miezi kadhaa maneno yalirudi, ingawa yalikuwa yanaburuta kidogo. Mguu nao ulirudi. Mkono wa kulia haukurudi. Ulibaki umejikunja kifuani, na akitembea huushika kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba kifaranga.

Alikuwa mpiga kinanda. Mimi na yeye tulipiga pamoja tangu hajamuoa dada, na kwa kweli alimpata kupitia kwangu: alikuja nyumbani kwa mazoezi, mazoezi yakaisha, yeye haondoki. Mimi ni mpiga gitaa, viola kama tunavyoliita huku kwetu, na siku za wiki nafundisha shule ya msingi pale Palma. Dada ni mwimbishaji wa kikundi cha ngoma ya tufo cha akina mama wa Quitunda. Akina mama wanapiga matari na kuimba, sisi wawili tunawajazia kwa nyuma. Watu walikuwa wanatualika harusini na kwenye sherehe za Idi.

Alipougua, nafasi yake ilibaki wazi, nami nikajaribu kuiziba kwa ujanja. Mpiga viola mmoja wa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, aliyekuwa anahama aliniuzia vitu viwili: kinasa chembamba kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa, na boksi dogo la kutafsiri. Kinasa kinasikiliza kila uzi peke yake. Boksi linatambua ni noti gani iliyopigwa na kwa nguvu kiasi gani, kisha linatoa habari hiyo kwa waya unaoitwa MIDI. Waya huo haubebi sauti hata chembe. Unabeba amri tu: piga noti hii, iache, ivute kidogo. Sauti inatolewa na chombo kilichoko upande wa pili. Mimi upande wa pili niliweka kompyuta yangu, ndani yake mna kodiani, fidla, filimbi, kila kitu.

Harusi ya kwanza niliyoipiga hivyo ilikuwa Quitunda kwenyewe, mchana wa jua kali. Wimbo wa tatu ukiwa katikati, kompyuta ilipata joto, ikazima kioo, ikajiwasha upya yenyewe na kuanza kuniambia nisubiri. Nilibaki nakwangua nyuzi zisizotoa kitu. Mama mmoja mbele yangu aliacha kucheza, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, umechoka?"

Dada alilisema kesho yake, anachambua mchele.

"Vinanda vya mwenzio viko chumbani, nimevifunika khanga. Hilo boksi lako haliwezi kuzungumza navyo?"

Nilikuwa nimefikiria hilo siku nyingi na sikuwa na ujasiri wa kulitamka. Vyombo vyake vilikuwa viwili: kinanda kikubwa cha zamani, kizito kama mlango, chenye besi ambayo sijaisikia kwenye chombo kingine, na boksi jeusi la sauti lisilo na vitufe vya kupiga, ambalo yeye alikuwa analiendesha kwa waya kutoka kwenye kile kinanda. Vyote viwili vinaelewa MIDI. Kompyuta haihitajiki popote.

Nilikwenda nikamweleza shemeji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Bado sijafa, na mirathi umeshaianza?"

Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki. Nikaomba radhi, nikanywa chai yangu, nikaondoka. Njia nzima hadi Palma nilijilaumu. Mtu hana mkono, nawe unakwenda kumwambia vidole vyake vinaweza kuwa vya kwako.

Baada ya wiki moja alinipigia simu. Hakuanza na salamu ndefu. "Njoo na huo mdude wako. Lakini vinanda vyangu nitavigusa mimi mwenyewe. Wewe utapiga viola, basi."

"Sawa, shemeji."

"Na uje na nyaya mbili. Wangu mmoja umeliwa na panya."

Jumamosi ile tulitandaza kila kitu sebuleni kwao. Mimi, kwa haraka yangu, nilitoa waya kwenye boksi la gitaa nikauingiza kwenye kinanda kikubwa, kisha kutoka kinandani kwenda kwenye boksi jeusi. Kinanda kilitoa sauti. Boksi jeusi likakaa kimya. Nilibadilisha waya, nikabadilisha chaneli, zile njia za ndani zinazopitisha amri, kimya. Shemeji alikuwa kitini ananitazama tu, na nadhani alinifurahia kidogo.

"Kinanda hicho kina matundu mawili," akasema mwishowe. "La kuingilia na la kutokea. La kutokea linatoa kile kinachopigwa kwa vidole tu. Unachokiletea wewe kinaishia humo humo. Boksi jeusi ndilo lenye tundu la tatu, la kupitisha. Lianze lenyewe. Mzee akae mwisho."

Nikageuza mpangilio: gitaa, boksi la kutafsiri, boksi jeusi, kinanda kikubwa. Nikapiga nyuzi zote sita kwa pamoja na vyombo vyote viwili vikaitika. Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa yake. Boksi la gitaa linaupa kila uzi chaneli yake, kwa hiyo aliliambia boksi jeusi lisikilize nyuzi tatu nyembamba tu, zitoe kodiani, na kinanda kisikilize nyuzi tatu nene, zitoe besi. Aliyapanga hayo yote kwa mkono wa kushoto, kifungo baada ya kifungo, mdomo wazi kidogo. Nilipovuta uzi, kodiani iliruka mbali na noti kama mtu aliyekosea njia. Mimi nilidhani kinasa kibovu. Yeye alifumba macho, akaniambia nivute tena, na tena. "Boksi lako linahesabu mvuto kwa kipimo kimoja, vyombo vyangu kwa kingine," akasema. Akavilinganisha, na uzi ukavutika sawasawa. Boksi jeusi liliyakumbuka mapatano hayo hata likizimwa. Kinanda cha zamani hakikukumbuka. Kila kikizimwa kinasahau, na kila kikiwashwa ilimbidi akifundishe upya.

Besi ilitusumbua zaidi. Ilikuwa inachelewa. Uzi mnene unatikisika polepole, na boksi linahitaji muda wa kuutambua; ni muda mfupi mno, ila matari hayasubiri. Akina mama walipokuja kufanya mazoezi nasi, mmoja wao alisema besi inatembea na viatu vya mkubwa wake. Shemeji alikaa na tatizo hilo siku nne, kisha akanieleza kwenye simu: nisipige besi kwenye nyuzi nene kabisa. Niipige juu, kwenye uzi wa nne, yeye kinanda atakishusha oktavo mbili, ngazi mbili nzima za sauti. Tulijaribu. Ilichelewa bado, lakini kidogo sana, na nilijifunza kumtangulia mpiga tari kwa unywele mmoja.

Mwaliko wa kwanza baada ya hapo ulitoka Diaca. Familia ya huko ilikuwa imerudi kwao baada ya miaka ya kukimbia vita na kukaa kwa watu, imejenga upya, imelima, na sasa inaozesha binti. Dada alitaka sana twende. Shemeji alisema atakwenda kama fundi, akae nyuma ya vyombo, awe anabadilisha sauti. Tulipanda nyuma ya gari la mizigo alfajiri, vinanda vimefungwa kwenye magodoro. Yeye alikaa juu ya godoro la kinanda kikubwa njia nzima na hakukubali mtu mwingine akae hapo.

Tulianza kupiga saa nne asubuhi, chini ya turubai, umeme wa jenereta. Sijawahi kuona watu wakisikiliza vile. Kodiani inatoka kwenye gitaa, besi inatoka kwenye gitaa, na wazee wawili walikuja kuzunguka nyuma yangu kutafuta mtu wa pili alipojificha. Shemeji alikuwa ananyoosha mkono wa kushoto, anapandisha hapa, anashusha pale, na kila wimbo aliubadilishia sauti kabla sijamwangalia. Nilianza kustarehe.

Kisha jenereta likakohoa na kuzima.

Dada hakukatiza hata neno. Aliinua mkono, matari yakaongeza nguvu, akina mama wakaendelea na kiitikio kama vile ndivyo tulivyopanga. Wanaume walikimbilia jenereta. Kabla ubeti haujaisha, umeme ulirudi. Boksi la gitaa likaamka, boksi jeusi likaamka, kodiani ikawa mikononi mwangu tena. Lakini kinanda kikubwa kilikuwa kimesahau kila kitu. Nilipiga uzi wa nne, besi haikuja.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameinama juu ya kinanda, anabonyeza, anasoma kile kioo kidogo chenye jua juu yake. Chaneli, sauti, oktavo, kipimo cha mvuto: hiyo ni kazi ya dakika nzima kwa mwenye mikono miwili. Alibonyeza mara mbili au tatu, akaacha. Alimtazama dada akiimba. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alichomoa waya wa MIDI kutoka kinandani, akauweka chini, akachagua sauti ya besi kwa kifungo kimoja, na kuweka mkono wa kushoto juu ya vitufe.

Noti ya kwanza ilikuwa ya wasiwasi. Ya pili pia. Ya tatu ilitua pamoja na tari, palepale, bila kuchelewa hata kidogo, na mwili wangu wote uliitambua. Ilikuwa besi yake, ile ya tangu zamani, ambayo mimi nilikuwa nimeiiga wiki zote zile nikidhani nimeipata.

Sauti ya dada ilitetereka mara moja. Alimpa mgongo bibi harusi na watu wote, akamwimbia mumewe ubeti mzima, kisha akageuka tena. Mimi niliacha nyuzi nene, nikabaki na kodiani yangu, na nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo nilipokuwa nabeba kila kitu peke yangu.

Tulipiga mpaka adhana ya adhuhuri, tukapumzika watu wakasali na kula, tukapiga tena hadi alasiri. Waya ule ulibaki chini. Wakati wa kula nilimuuliza kama nimrudishie.

"Wa nini?" akasema. "Hujui kupiga besi."

Hiyo sasa ni mwaka na zaidi. Mkono wa kulia uko vilevile, na daktari hajatuahidi kitu. Ila shemeji ameniamuru nitumie waya mrefu kati ya gitaa na boksi jeusi, ili yeye na vyombo vyake vyote viwili wakae mbele, kando ya dada, na siyo nyuma kama fundi. Kompyuta nimeirudisha kwenye kazi yake ya kuandaa mitihani ya darasa la tano. Kuna watu wa Macaloe wametuomba twende kisiwani kwao baada ya Idi, na jana tumebishana karibu saa nzima jinsi ya kukivusha kinanda kikubwa bila maji ya chumvi kukigusa. Yeye anasema kitakaa mapajani mwake. Dada anasema basi na yeye mwenyewe afungwe kwenye godoro.