Mke wa Clive Aona Farasi

Rosalind Garside alikuwa na duka la miwani mjini Reading, Uingereza. Kila Juni, wiki ya mbio za farasi za kifalme, alilifunga akavaa kofia pana kama ungo. Mumewe Clive alivaa koti lenye mkia na kofia ndefu nyeusi ya marehemu babu yake, aliyemwachia pia urithi uliowatia wivu ndugu wote: nafasi ya kuegesha gari karibu na uwanja. Nafasi zile haziombwi. Mtu husubiri mwenyewe afe.

Hapo, nyuma ya gari, walitandika kitambaa cheupe wakala samaki, stroberi na shampeni. Mfalme akipita ndani ya uwanja kwa gari la farasi, wao walisikia shangwe, wakasimama kwa heshima wakitazama ukuta. Mbio walizisikia kwenye vipaza sauti. Tangu aolewe, Rosalind hakuwahi kuona hapo farasi hata mmoja.

"Twende tukatazame japo mbio moja," alisema mwaka mmoja.

"Na meza tumwachie nani? Akina Pemberton hao wa gari la jirani wanaimezea mate nafasi hii tangu enzi za babu."

"Kwani wataitia mfukoni?"

"Haya, cheka tu."

Alasiri farasi mmoja alimwangusha mpandaji wake, akaruka uzio, akapenya langoni, akaja mbio katikati ya magari. Waungwana wakatawanyika kama kuku. Farasi akasimama kwenye meza ya akina Garside, akazamisha mdomo katika bakuli la stroberi.

"Nani kamruhusu huyu kuingia huku?" Clive alifoka kutoka nyuma ya gari. "Hana hata beji!"

Rosalind alishika hatamu, akamgusa shingo. Ilikuwa ya moto, inatetemeka. Machozi yakamlenga, asijue kwa nini.

"Pole, baba," alimnong'oneza. "Hata mimi wamenichosha."

Mtunza farasi alipofika akihema, Rosalind alifuatana naye hadi ndani. Huko akaegemea uzio, akatazama mbio zote zilizobaki, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Umekosa chai," Clive alimpokea. "Na Bi Pemberton kakalia kiti chako!"

Mwaka uliofuata Rosalind alikata tiketi ya kusimama uzioni na watu wa kawaida. Clive alibaki kulinda nafasi, na majirani walipomuulizia mkewe, aliwaambia anaumwa mgongo. Angewaambiaje watu wa heshima kwamba mkewe amekwenda kutazama farasi?