Klova Haikuota, Nikawasingizia Kuku wa Jirani

Nakiri mbele yenu, wasomaji: mimi ni mjinga mwenye stashahada! Nisitajwe jina tu, mtaani kwetu Bigwa tunafahamiana.

Nina ng'ombe wawili wa maziwa. Mwaka juzi rafiki yangu alinipa mbegu za klova, majani ya malisho yenye harufu tamu. Nikalima uwanja mzima, nikawatangazia watu msikitini na kazini. Mtaalamu!

Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye asili ya Matombo, alizishika mbegu kiganjani.

"Baba Neema, hizi ngumu. Zisugue na mchanga kwanza, maji yapate pa kuingilia."

"Mama, haya mambo tumeyasoma," nikamjibu. Hata shikamoo siku hiyo sikumpa. Jamani, kiburi!

Nikazipanda vivyo hivyo. Masika ikanyesha. Nikachungulia kila asubuhi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Haikuota hata moja! Yaliyoota ni magugu.

Sasa msomi akosee? Haiwezekani! Nikasema kuku wake wamedonoa mbegu zote. Nikampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, nikazungumza kwa vidole na kwa sauti. Yule mama hakubishana. Wiki ile ile akawauza kuku wote, kizazi cha kuku alioachiwa na marehemu mama yake. Mimi nikatembea kifua mbele.

Miezi ikapita. Nikachimbua ule uwanja nipande mahindi. Mungu wangu! Mbegu zilikuwa humo humo udongoni, nzima, ngumu kama shanga! Nikasugua chache na mchanga, nikijificha nyuma ya banda. Hazikumaliza wiki, zikaota.

Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza! Mke wangu ndiye aliyeona vile vichipukizi.

"Unakwenda mwenyewe, au nikupeleke?" akaniuliza.

Nikaenda. Nikatoa shikamoo mpaka magoti yakakunjika, nikaeleza yote.

"Marahaba. Nimekusamehe, baba," akasema, akiendelea kupepeta mchele. "Lakini wale kuku wa mama yangu wameshaliwa. Utawarudisha?"

Nikamnunulia mitetea, akakataa. Neema wangu, aliyekuwa akishinda kwake kila siku, siku hizi anarudishwa mlangoni kwa upole kabisa. Upole huo unaniuma kuliko matusi!

Wenzangu mliosoma, mbegu ikigoma, jikagueni nyinyi kabla ya kumburuza mtu kwa mwenyekiti. Na mkigundua kosa, semeni siku hiyo hiyo. Msingoje kusukumwa na mke kama mimi!